Ukungu kwenye Lenzi ya Mzee Wanyonyi

Wengi wenu mlipita studio mkakuta imefungwa, na mliopiga simu niliwajibu kwa sauti ya mtu aliyejificha chini ya meza. Nilikuwa nimesema naenda Bungoma kusafisha lenzi moja na kurudi kesho yake. Sikurudi kesho yake. Sasa kila mteja anayekaa kwenye kiti kupigwa picha ya pasipoti anataka kusimuliwa kwanza, na picha ya pasipoti haipigwi mtu akiwa amefungua mdomo. Kwa hivyo nimeandika mara moja. Mpitishiane.

Kwa wasiomjua, Mzee Wanyonyi ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na studio hapa Kitale, nyuma ya soko, enzi za picha kuoshwa gizani kwa dawa, na mimi nilifagia sakafu yake kwa muda mrefu kabla hajaniruhusu kushika kamera. Umri uliposogea akarudi kwao Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Kupiga picha hakuacha. Wiki ya harusi ya mjukuu wake akanipigia simu.

"Wairimu, lenzi yangu imeshika ukungu. Nimepanguza na kitambaa, nimepanguza na karatasi, rakini wapi. Kuja na ile dawa yako."

"Harusi ni lini?"

"Jumamosi. Na picha ni mimi napiga. Nilipiga za nyanya yake wa upande wa baba, nikapiga za mama yake. Hii siwezi kuachia mtu wa kurusha kamela kwa hewa kama kunguru."

Mnajua lenzi ikikaa kwenye unyevu huota ukungu ndani, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na kila picha inatoka kama imepigwa kupitia mvuke wa chai. Mimi huzifungua, nikazisafisha, nikazifunga tena. Wapiga picha wa huku wananijua zaidi kwa kazi hiyo kuliko kwa picha zangu. Nimelikubali hilo.

"Na ukikuja, pitia Kapsokwony," akaongeza. "Iko njiani."

Kapsokwony haiko njiani. Kapsokwony iko juu mlimani, na barabara inayopanda huko inapanda huko tu. Lakini lenzi yake ya pili alikuwa amemwazima rafiki yake wa kule, mpiga picha mwenzake, na rafiki alifariki mvua za mwaka jana. Lenzi ilikuwa bado kwa mjane. Ile ya kwanza ikishindikana, hiyo ndiyo ingeokoa harusi. Nikasema sawa.

## Kitale hadi Kimilili, pamoja na vifaranga

Karanja, jirani yangu wa duka la vyakula vya mifugo, alikuwa anapeleka vifaranga Kimilili kwa pikapu yake. Alinihakikishia tutafika mapema kwa sababu vifaranga wa siku moja hawangoji.

Kumbe wanangoja. Tulisimama Kiminini kuona kama wanapumua. Walikuwa wanapumua. Tulisimama tena mbele kidogo kwa sababu walikuwa wamenyamaza, na vifaranga wakinyamaza Karanja anahisi vibaya. Walikuwa wamelala. Aliwaamsha ili ahakikishe, kisha akalalamika njia yote kwamba wana kelele.

Maboksi ya nyuma hayakutosha, kwa hivyo mawili yalikaa katikati yetu. Mimi nilishika begi langu mapajani: pampu ndogo ya mpira ya kupuliza vumbi, brashi laini, vitambaa, bisibisi za saa, na chupa ya spirit. Kifaranga ana manyoya madogo yanayopita mahali ambapo hata maji hayapiti. Nilikuwa nimefunga zipu, nikafunga mfuko wa plastiki juu ya zipu, na bado nilipofungua baadaye nilikuta unyoya mmoja wa manjano umelala juu ya kitambaa cha lenzi, umetulia kama mgeni aliyealikwa.

Kabla ya Kamukuywa tukapungiwa mkono na polisi. Afande alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani. Aliangalia vifaranga, akaangalia begi, akaomba nilifungue. Akaitoa chupa, akaifungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni spirit, afande. Ya kusafisha lenzi."

"Lenzi gani inatumia kitu kali namna hii?"

"Ya kamera. Haitumii yote. Ni tone moja kwa kitambaa."

"Na hii ingine inaenda wapi?"

Karanja akaamua kunisaidia. "Afande, huyu hakunywi. Ni mtu wa kanisa." Baada ya hapo afande akanusa mara ya pili.

Niliona maneno hayatatosha, nikamwomba miwani yake. Ilikuwa na mafuta ya vidole, vumbi, na kitu nilichokidhania kuwa supu. Watu wengi hukosea hapo: wanaanza kwa kupanguza. Ukipanguza kioo chenye vumbi unakisugua kwa mchanga. Kwanza nikapuliza kwa pampu. Kisha brashi. Kisha tone la spirit kwenye kitambaa, si kwenye kioo, nikaanza katikati nikizunguka kwenda nje, taratibu, bila kukandamiza. Nikamrudishia.

Akavaa. Akaangalia barabara kuelekea Kitale, akaangalia mahindi upande wa pili, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa habari njema ya familia. Kisha akaangalia pikapu.

"Kumbe hii gari taa moja imepasuka."

Karanja alinitazama. Nikafunga chupa.

Afande hakuwa mtu mbaya. Alimwonya Karanja aibadilishe kabla ya kurudi, akatuachilia, lakini mwenzake naye alikuwa na miwani, na mama wa mahindi ya kuchoma naye alikuwa na miwani ya kusomea Biblia, na dereva wa trekta alitaka nimwangalizie kioo cha saa. Niliwafanyia wote. Mama alinilipa kwa hindi moja lililoungua upande. Karanja hakuongea nami mpaka Kimilili, na pale aliongea tu kuniambia tumefika.

## Kapsokwony

Mvua ilianza nilipopanda pikipiki. Yule wa boda alikuwa kijana mwenye koti la mvua moja, ambalo alilivaa yeye.

"Mathe, shika mimi, si begi," akasema tulipoanza kupanda.

Nikashika begi. Kwenye kona moja yenye matope gurudumu la nyuma likaamua kwenda Kimilili wakati la mbele linaenda Kapsokwony, na sote tukalala chini pole pole, bila fujo. Kijana akaniuliza kama nimeumia. Mimi nikauliza kama begi limeguswa na maji. Alinitazama akaacha kuniuliza mambo.

Mjane anaitwa Mama Cherop. Nilimkuta amekaa mlangoni akiwa amevaa nguo ya kanisani, kofia, na mkufu. Mzee Wanyonyi alikuwa amempigia simu kumwambia mpiga picha anakuja, bila kueleza zaidi, na yeye akaelewa alivyoelewa. Mimi nilikuwa na matope mpaka kwenye nyusi.

"Karibu," akasema. "Nikae hapa ama nisimame?"

Sikuona njia ya kumwambia kwamba sikuja kwa ajili hiyo. Nikanawa uso, nikatoa kamera yangu, nikampiga picha amekaa, amesimama, na ameshika ng'ombe kamba. Ng'ombe alitokea vizuri kila mara. Ndipo akanipa mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kikombe kikubwa na ugali wa wimbi, na nilipomaliza akaongeza kabla sijaweka kikombe chini. Nilimweleza kuhusu lenzi katikati ya kikombe cha tatu.

Hakukasirika. Aliingia chumbani akatoka na mkebe wa majani chai. Ndani mlikuwa na sweta ya mtoto, na ndani ya sweta mlikuwa na lenzi. Nikaiinua kwenye mwanga. Ukungu ulikuwa umetanda ndani kwa raha zake. Mbele kulikuwa na filta, kile kioo chembamba kinachofungwa juu ya lenzi kuikinga, na kwenye filta kulikuwa na alama ya kidole, kubwa, wazi, kila mstari unaonekana.

Nikachukua kitambaa.

"Safisha kila mahali," akasema, "lakini hapo mbele usiguse."

"Mama, hapo ndipo pachafu zaidi."

"Najua. Hiyo ni kidole ya Baba Cherop."

Nikarudisha kitambaa mapajani.

"Kila siku alikuwa anashika hapo," akasema. "Nilikuwa namgombeza. Namwambia, wewe unalipwa kwa macho ya hiyo kitu, mbona unaidunga kidole. Anasema atapanguza. Hakupanguza." Alikuwa akiangalia lenzi, si mimi. "Picha zake ziko nyingi. Lakini alikuwa anapiga watu wengine. Yeye mwenyewe hayuko kwa picha yoyote isipokuwa ya kitambulisho, na hiyo walichukua wakati wa mazishi, ikapotea huko."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nimesafisha lenzi miaka mingi na sijawahi kuombwa kuacha uchafu mahali pake. Nilimweleza kwamba filta si lenzi. Inafunguka. Naweza kuitoa nzima, yeye abaki nayo na kidole chake, mimi niende na lenzi, na Mzee Wanyonyi hatakosa chochote.

"Bila kupanguza?"

"Bila hata kupumulia."

Filta ilikataa. Haikuwa imefunguliwa tangu ifungwe, na vumbi la mlimani lilikuwa limeshika nyuzi zake za kufungia. Ukiibana kwa vidole, duara lake linajikunja na linazidi kukwama. Njia ninayoijua ni kuilaza juu ya mpira bapa na kuzungusha lenzi yenyewe, lakini kioo kingegusana na mpira na kidole kingekwisha. Mama Cherop akafikiri, akavua patipati ya mguu wa kulia, akaiosha, akaikausha, akachukua kisu na kukata katikati ya soli tundu la kutosha kioo. Ukingo wa filta ukakaa kwenye mpira, kioo kikaelea juu ya tundu bila kugusana na kitu. Yeye akashika patipati kwa mikono miwili, mimi nikashika lenzi, tukazungusha kila mtu upande wake kama watu wanaokamua nguo. Ikalia kidogo. Ikaachia.

Aliiweka filta kwenye sweta, sweta kwenye mkebe, mkebe chumbani. Aliporudi alikuwa amevaa patipati moja nzima na moja yenye tundu, na alitembea nazo hivyo hivyo.

Nililala kwake kwa sababu barabara ilikuwa imekuwa mto. Asubuhi, mwanga ulipoingia dirishani, nikafungua lenzi na kuusafisha ule ukungu kipande kwa kipande. Pembeni ulikuwa umeng'ata kioo kidogo, lakini katikati palikuwa safi. Nilifurahi. Nilijiambia kazi ngumu imekwisha.

## Kupitia Chwele hadi Mabanga

Nilishuka mlima kwenye gari la viazi la jamaa zake Mama Cherop. Walisema wanapitia sokoni Chwele kushusha kidogo. Walishusha kila kitu. Kwa kuwa nilikuwa nimekaa juu ya gunia, wanunuzi waliniuliza mimi kuhusu viazi, na nilipowaambia sijui, walidhani ni mbinu ya kuuza. Niliondoka Chwele mchana nikiwa na viazi kwenye mfuko, zawadi, na jina baya kwa mama mmoja aliyesema mimi ni mgumu sana.

Mabanga, Mzee Wanyonyi alinipokea getini. Bado ni mrefu, bado anavaa koti. Alinishika mkono kwa muda, akaniambia sijabadilika hata kidogo. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilikuwa na matope ya Kapsokwony na vumbi la viazi.

Nekesa, binti yake na mama wa bibi harusi, alileta chai. Mzee akaweka kamera mezani kabla sijaketi.

"Angalia mwenyewe. Ukungu mtupu."

Nikaitoa lenzi, nikaiinua dirishani. Nikaigeuza. Nikawasha tochi nikaangalia kutoka nyuma, kutoka mbele, na kwa pembeni, mahali ambapo ukungu hujificha.

Ilikuwa safi. Ilikuwa safi kuliko zangu zote. Mtu aliyenifundisha kupuliza kabla ya kupanguza hakuwa amesahau.

Labda ni filta, nikafikiri. Nikaitoa, safi. Labda ni ndani ya kamera. Safi. Sikujua la kufanya, kwa hivyo nikaisafisha hivyo hivyo, taratibu, hatua zote, kisha nikampa. Akapiga picha ya mwanya wa mlango, akaiangalia kwenye kioo cha nyuma ya kamera, karibu sana na uso.

"Bado."

Nikafunga ile ya Kapsokwony. Akapiga tena.

"Hata hii. Wairimu, ni ule ule tu. Uko katikati, kama maziwa kwa maji. Na taa nayo ukiangalia iko na duara."

Mimi niliziona picha zote mbili. Kila ufa wa mbao ulionekana. Nekesa alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake na sinia mkononi, na aliponitazama nikajua kwamba yeye anajua, na kwamba anajua kwa muda mrefu. Alitoka kwenda jikoni. Nikamfuata kupeleka viazi.

"Nilimwambia aende kwa daktari wa macho," akasema bila mimi kuuliza. "Akasema macho yake ni mzuri, shida ni kamera. Nikamwambia basi muite Wairimu." Alikuwa akimenya viazi vya Chwele kana kwamba vimemkosea. "Mimi ni mtoto wake, hanisikii. Wewe ndiye fundi. Mwambie."

"Kwa hivyo uliniita nikasafishe nini?"

"Pole, dada."

Nimeulizwa na baadhi yenu kama nilikasirika. Nilikasirika kwa muda wa kutembea kutoka jikoni hadi sebuleni, ambao si mrefu.

Sikulazimika kusema. Mzee alikuwa ameitoa lenzi ya Kapsokwony. Alikuwa ameshika zote mbili, moja kila mkono, mikono juu ya magoti.

"Hizi mbili," akasema. "Wewe unaona ziko safi?"

"Zote, mzee."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Na ukungu ni ule ule."

"Ndiyo."

Mafuta yalikuwa yakilia jikoni. Kisha akapapasa meza, akapata vifuniko, akafunga lenzi ya kwanza, akafunga ya pili.

"Nekesa anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Umuulize yeye."

Hakumuuliza. Nekesa alipoleta viazi, mzee alivisifu, akasema ni vya Kapsokwony, anavijua kwa ladha. Tulipomaliza kula akaniambia harusi iko Jumamosi na yeye ameahidi. Kuhusu daktari tungezungumza baada ya harusi, si kabla. Na kwamba nikimwambia Naliaka, yaani mjukuu, ataniondolea cheti alichonipa nilipomaliza kujifunza. Hajawahi kunipa cheti.

## Jumamosi

Tulipanga hivi: mzee abebe kamera shingoni, kama kawaida, na mimi nisimame kando yake na yangu, kama msaidizi. Yeye apange watu, mimi nipige.

Nilidhani itakuwa mchezo wa kuigiza. Haikuwa. Mzee Wanyonyi alisimama mbele ya familia ya bwana harusi, akasikiliza, akaanza kuwaita.

"Huyo anayekohoa ni Barasa. Barasa, wewe ni mrefu, rudi nyuma. Shangazi, hiyo simu weka kwa mfuko, naisikia. Mtoto analia upande wa kushoto, mama yake amtoe kwa jua, ndiyo sababu analia." Kila mtu akaenda alipoambiwa. Mimi nilibonyeza tu. Nimepiga harusi nyingi na sijawahi kuona ukoo mzima ukipangika haraka hivyo.

Kulikuwa na tatizo moja. Kijana wa kamera ya kuruka alikuwa amekuja, amealikwa na upande wa pili, na kamera yake ikashuka ikasimama usawa wa kichwa cha mzee. Mzee akaipiga kofi bila kugeuka, akidhani ni nyuki mkubwa. Ilianguka kwenye sufuria ya pilau, tupu kwa bahati. Kijana alikuja kulalamika, lakini ilikuwa imeanguka salama, na alipoomba lenzi yake isafishwe mafuta nilimsafishia.

Chakula kilipoandaliwa, wazee waliketi na kuku akaletwa. Kwa desturi yao firigisi ni ya mwanaume, na pale mezani ilikuwa ya Mzee Wanyonyi bila mjadala. Aliitafuta kwa vidole kwenye sahani, akaipata, akaiweka kwenye sahani yangu. Mzee mmoja akamwambia kwa upole kwamba amekosea sahani.

"Sijakosea," akasema.

Nikaila. Ilikuwa ngumu, na watu wote walikuwa wakiniangalia nikiitafuna.

Jioni, jua likiwa bado lipo, akaniambia: "Moja nipige mwenyewe."

Nikamweka mbele ya Naliaka na mumewe, nikamwekea kamera ifanye kila kitu yenyewe isipokuwa kulenga. Akaiinua. Ilikuwa imelenga tanki la maji.

"Naliaka," akaita. "Ongea."

"Niseme nini?"

"Chochote. Usinyamaze."

Naliaka akaanza kuongea. Alimwambia babu yake kwamba viatu vinamuumiza, kwamba keki ilikuwa imeinama, kwamba amefurahi amekuja. Kamera ikaondoka kwenye tanki, ikapita kwenye kwaya, ikafika kwake, ikatulia. Mzee akabonyeza. Sijui kama Naliaka alielewa. Aliendelea kuongea hata baada ya hapo, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Picha imekata sikio la bwana harusi na imeinama kidogo. Bibi harusi amefungua mdomo.

## Hospitali ya macho

Nilitaka kurudi Kitale Jumapili. Nekesa akasema mzee amekubali kwenda hospitali nikienda naye, na kama siendi, haendi. Mzee akasema hajasema hivyo. Nikabaki.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Alimwangalia macho yote mawili, akasema ni mtoto wa jicho, amekomaa, wataanza na la kulia.

"Mtasafisha na nini?" mzee akauliza.

"Hatusafishi, mzee. Ni lenzi ya jicho imeshika ukungu, na ikifika hapa haisafishiki. Tunaitoa, tunaweka ingine."

"Mnabadilisha lenzi."

"Ndiyo."

"Mpya."

"Mpya kabisa."

Mzee akageuza kichwa upande wangu. Nekesa akasogea karibu. Nyumbani alikuwa amejitayarisha kumbembeleza, kumtisha, hata kumwita mchungaji.

"Iko na filta?"

Daktari akanitazama. Nikamwambia hilo ni swali la kweli.

"Iko," akasema. "Inazuia miale ya jua inayoharibu jicho."

"Hiyo filta inafunguka?"

"Haifunguki, mzee."

"Hiyo si mzuri," akasema, akaanza kuvua koti. "Rakini sawa."

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi, Nekesa na mimi, tukila mandazi bila njaa. Alinishika mkono wakati mmoja, akaunyosha, akaona kucha zangu zina matope bado, akazisafisha kwa ncha ya leso yake.

Kesho yake asubuhi wakambandua bandeji. Mzee akapepesa jicho. Aliangalia juu kwanza, akamwambia muuguzi kwamba dari lina buibui. Muuguzi akaangalia, lilikuwa naye. Akaangalia mikono yake, mbele na nyuma. Akamwangalia Nekesa kwa muda, akamuuliza kama ile leso si ilikuwa nyekundu.

"Ilikuwa, baba. Imepauka."

Akaomba kamera. Nikamfungulia picha za harusi, akazipitia moja moja kwa kidole, uso haubadiliki, kama alivyokuwa akipitia kazi zangu zamani. Alipofika kwa Naliaka akasimama. Alikuwa amemuoza mjukuu wake bila kumuona. Kidole kikabaki hewani juu ya kioo, na Nekesa akageuka kuangalia dirishani, na mimi nikapanga begi langu, ambalo lilikuwa limepangika.

"Gauni ni nyeupe," akasema mwishowe. "Mliniambia ni nyeupe, nikafikiri mnasema tu."

Kisha akainua uso akaniangalia mimi. Aliniangalia vizuri, kutoka kichwani hadi viatuni, kwa jicho moja jipya lenye filta yake.

"Wairimu," akasema, "kumbe umezeeka."

"Ndiyo, mzee."

"Na hakuna mtu aliniambia."

Nilipata gari la Kitale mchana huo, nikiwa nimezeeka rasmi.